Simu iliyorudi mfukoni

Leo kikaoni nimewasilisha ripoti yenye namba mbaya kuliko zote nilizowahi kupeleka kwa bodi. Mwezi Februari ukurasa wa salio ulikuwa unafunguka kwa sekunde 2.3. Sasa ni sekunde 3.6, na hii ni baada ya miezi mitatu ya kuupunguza uzito. Naandika usiku huu maswali ya kikaoni yakiwa bado yananizunguka kichwani.

Mfumo wetu ni wa ushirika wa akiba na mikopo. Mwanachama anaingia kwa simu, anaona akiba yake, deni lililobaki na malipo ya kahawa yaliyopita kwenye akaunti. Tangu mwanzoni mwa 2024 mimi ndiye ninayepima mwendo wa kurasa na kuandika ripoti ya kila mwezi. Google wameweka kipimo kinachoitwa LCP: muda unaopita mpaka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane. Kikionekana ndani ya sekunde 2.5 ni vizuri, kikivuka sekunde 4 ni vibaya. Sisi tulikuwa upande mzuri, na mimi niliamini hivyo kabisa.

Mwezi Machi nilikwenda Mbinga kwa mafunzo ya makarani. Mchana mmoja nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi na mzee mmoja mkulima wa kahawa. Nikamwamkia shikamoo, tukaongea habari za mvua na bei ya mbolea, kisha nikamwomba anionyeshe anavyoangalia salio lake. Akatoa simu, akabonyeza. Skrini ikawa nyeupe, ikabaki nyeupe. Akaitazama kidogo, akairudisha mfukoni na kuendelea na habari ya mbolea pale pale alipoachia. Hakulalamika hata kwa neno moja. Nilipomuuliza akanijibu, "Aa, mwanangu, hiyo huwa inazunguka tu. Nikitaka salio nakuja dirishani."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa najua msimbo wangu wa kupimia ulivyoandikwa. Ulikuwa unasubiri ukurasa umalize kupakia, ndipo utume muda kwenye seva. Mzee hakusubiri, kwa hiyo simu yake haikutuma kitu. Hakuwemo kwenye ripoti ya Februari wala ya Januari. Kila niliyemhesabu alikuwa ni mtu ambaye ukurasa umemfungukia, na kadiri mtandao wa mtu ulivyokuwa mbovu ndivyo alivyozidi kukosekana kwenye hesabu zangu.

Niliporudi Dar nikafungua kumbukumbu za nyuma. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Kila aliyekuwepo anaikumbuka wiki ile. Kwenye grafu yangu muda wa kufunguka ulipanda kidogo tu, lakini idadi ya vipimo iliporomoka. Niliandika pembeni "watumiaji wachache wiki hii" na kuendelea na mambo mengine. Maneno hayo bado yamo kwenye ripoti ya mwezi ule.

Nilikuwa pia natumia Lighthouse, chombo cha Google cha kujaribia kurasa, na alama zetu zilikuwa juu. Kwa mipangilio yake ya simu, Lighthouse inaigiza prosesa iliyopunguzwa kasi mara nne na mtandao wa megabiti 1.6 kwa sekunde, wenye milisekunde 150 za kwenda na kurudi. Naithamini, maana kosa uliloingiza jana inakuonyesha leo. Ila mtandao wa kuigiza haukatiki mtu akiingia bondeni, na bando lake haliishi.

Seva yetu iko Frankfurt. Kutoka Dar mpaka kule ni kama kilomita 7,000 ukipita angani. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 70, hata kama kebo ingenyooshwa kama rula, nayo haijanyooshwa. Kabla herufi ya kwanza ya ukurasa haijafika, simu na seva zinasalimiana, zinakubaliana usiri, kisha ndipo ombi linatumwa: safari tatu kwa uchache. Sehemu ya tano ya sekunde hivi imeshakwenda, na hatujagusa minara ya simu wala simu yenyewe.

Kazi ya kupunguza ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Fonti za aina nne tukaziondoa. Picha za viongozi zikahamia ukurasa wa "Kuhusu sisi". Kulikuwa na maktaba nzima ya kuchora grafu, yaani rundo la msimbo ulioandikwa tayari, iliyopakiwa kwa kila mwanachama, ilhali anachotafuta ni namba moja. Sasa seva inatuma salio likiwa limeshaandikwa ndani ya ukurasa, na mengine yanafuata nyuma.

Kubadili upimaji ndiko kulikonichukua muda. Sasa ombi la ukurasa likifika, seva inaandika mstari wenye namba yake ya kipekee. Msimbo mdogo umekaa juu kabisa ya ukurasa, na mtu akiondoka au akizima skrini unatuma ulichokipima mpaka hapo kwa amri iitwayo sendBeacon, hata kama kupakia hakujakamilika. Kwenye simu huwezi kungoja ukurasa ufungwe ndipo utume, kwa sababu watu hawafungi kurasa. Wanaruka kwenye WhatsApp na mfumo wa simu unaiua programu kimya kimya. Mstari wa seva usiopata mwenzake unahesabiwa kuwa mtu aliyeondoka mikono mitupu.

Wastani nao nimeuacha. Wanachama wa Dar wenye simu nzuri ni wengi, wanavuta wastani kwao. Nawapanga watu mstari mmoja kuanzia aliyefunguliwa upesi mpaka aliyechelewa, kisha naangalia aliyesimama nafasi ya 75 katika kila 100. Ndivyo Google nao wanavyohukumu. Na kila wilaya ina mstari wake.

Namba zikapanda. Mwanzoni nilishtuka, nikakagua msimbo mara tatu. Kisha nikakumbuka simulizi ya Chris Zacharias, aliyeiandika mwaka 2012 kuhusu siku zake YouTube. Alipunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi chini ya kilobaiti 100, na wastani wa muda ukaongezeka. Kumbe watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika, hata Siberia, ambao zamani video ingewachukua dakika 20 kuanza, sasa walikuwa wakiipata kwa dakika 2, na ndio walioingia kwenye hesabu. Kwetu ni hivyo hivyo, kwa kiwango kidogo. Nikiwatazama wanachama wa Dar peke yao, muda umepungua. Mbinga, walioliona salio lao ni zaidi ya mara mbili ya mwezi Machi, na wengi wao wanasubiri sekunde sita, saba. Sekunde saba ni nyingi, lakini mtu amefika.

Mama mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Kwa hiyo mwanangu, mmetuharibia au mmetutengenezea?" Nikamwonyesha mstari wa kwanza wa ripoti mpya, ambao zamani haukuwepo: idadi ya waliofungua wakaondoka bila kuona salio. Akausoma kimya, kisha akauliza swali ambalo nimerudi nalo nyumbani. "Na yule ambaye ombi lake halikufika kabisa kwenye hiyo mashine yenu, yuko wapi hapa?"

Hayupo. Simu isiyopata mtandao haiachi mstari popote, na hakuna msimbo wa kuandika upande wangu utakaomwona.

Jioni nimempigia karani wa Mbinga. Nimemwomba aweke daftari dirishani, na kila atakayekuja kuuliza salio, karani amuulize kama amejaribu kwa simu kwanza, kisha apige mstari mmoja upande wa ndiyo au wa hapana. Amekubali, ila amesema daftari la ofisi limejaa, atanunua jipya kesho. Ijumaa saa kumi nitampigia anisomee hesabu, na nimeshaiachia nafasi kwenye ripoti, chini ya LCP.