Kiungo cha pilau kilichodhaniwa dawa ya tumbo

Aliyenipa habari ni mzee mwenye duka Barabara ya 9, hapa hapa Tanga. Nilikuwa nimemwachia pakti 20 za kiungo changu cha pilau, za gramu 50, na wiki 3 baadaye zilikuwa zimeondoka 2 tu. "Mwanangu," akaniambia baada ya salamu, "wateja wananiuliza kama hii ni dawa ya tumbo." Mmoja wa wale wawili walionunua, kwa maneno yake, aliikoroga kwenye maji ya moto akainywa. Mpaka leo sijui kama alinitania.

Iliki naitoa milima ya Amani, naichagua punje kwa punje. Tatizo halikuwa ndani ya pakti. Kijana aliyenitengenezea logo alichora jani la kijani, akalizungushia jina la biashara, ambalo ni jina la bibi yangu mzaa mama, kwa herufi za dhahabu zilizojikunja kama mkufu. Alinitumia usiku kwa WhatsApp, nikaiweka status, mashoga zangu wakaijaza mioyo. Kwenye kioo cha simu ilimeremeta kweli. Lakini dhahabu ya simu ni mwanga tu. Mashine ya kuchapa lebo ina wino wa rangi 4, hakuna hata mmoja wa dhahabu, basi ikatoka rangi ya tope. Jina halikusomeka. Na jani la kijani kwa watu wetu ni mlonge, ni mwarobaini. Nani analiona jani akakumbuka pilau?

Siku ile nilimwomba mzee nisimame nje ya wavu, pale wanaposimama wateja wake, niangalie rafu. Kutoka pale hadi pakti zangu ni kama hatua 3, na taa yake ni ile moja ya katikati. Chumvi niliiona. Majani ya chai niliyaona. Changu nilikijua kwa sababu nilikuwa nakitafuta.

Kwa hiyo logo ya pili nilianza kuichora mwenyewe, kwa makapeni, kwenye vipande vya boksi nilivyovikata saizi ya pakti. Kila nikimaliza kimoja naenda kukipachika rafuni, natoka nje ya wavu, natazama. Mzee alinivumilia sana. Kinu na mchi nilikiacha mapema, maana kila muuza viungo anacho. Kilichobaki ni jina tupu, herufi nene, nyeusi juu ya manjano ya bizari, na ile herufi I ikawa karafuu iliyosimama wima. Mtoto wa jirani alipoiona akasema, "Msumari!" Nusura niitupe. Dada mmoja anayefanya kazi ya kudizaini akanisaidia: akakitanua kile kichwa, akaonyesha vile vijino 4 vinavyolizunguka tumba la karafuu. Msumari ukapungua.

Huyu dada ndiye pia aliyenifundisha kudai mafaili. Mara ya kwanza nilipokwenda Kariakoo kuchapa lebo, nilikuwa na picha ya WhatsApp tu. Fundi aliniuliza, "Una fail la Corel?", yaani la ile programu ya kuchorea. Nikamjibu ninayo picha, nzuri kabisa. Akaikuza kwenye kompyuta mbele yangu ikapasuka, kingo zote ngazi ngazi. Yule kijana nikampigia, hapokei. Safari hii tulikubaliana kabla sijalipa nusu ya mwisho: nipewe fail la vekta, ambalo hata likikuzwa ukubwa wa ukuta halipasuki, PDF ya kuchapia, PNG isiyo na rangi nyuma, na moja ya rangi nyeusi peke yake. Hiyo nyeusi niliiona ni anasa, kumbe ndiyo ninayoitumia zaidi: muhuri wa risiti na maboksi ya kusafirishia. Na akaniachia nafasi ya uzito na tarehe ya mwisho wa matumizi, vitu ambavyo jani la kijani lilivisukumia pembeni mpaka vikakatwa na mkasi.

Kwenye tovuti niliumia zaidi. Ile ya kwanza ilikuwa na kurasa 6, ikiwemo ya "Dira na Dhamira", mimi ninayesagia viungo uani. Anwani yake yule kijana wa logo ya kwanza aliisajili kwa barua pepe yake. Mwaka ulipoisha haikulipiwa, na mimi sikuwa na nywila wala namna ya kuthibitisha kuwa ni yangu. Ikapotea, nami nina lebo karibu 2,000 zimechapwa anwani hiyo. Nilikaa jioni nzima na mwanangu tukiifuta kwa makapeni, moja moja.

Sasa nina ya .co.tz, nimeisajili kwa jina langu kupitia wakala anayetambuliwa na wasimamizi wa anwani za .tz, na tarehe ya kulipia imo kwenye kalenda ya simu. Ni ukurasa mmoja. Kabla ya kuandika chochote nilirudi nyuma kwenye WhatsApp yangu nikaorodhesha watu wanauliza nini hasa. Bei gani? Uko wapi? Mnatuma Dar? Halafu kuna swali lililonishangaza kwa kujirudia: kilo moja ya mchele inataka vijiko vingapi? Majibu ya hayo ndiyo tovuti yenyewe, kwa mpangilio huo huo, na kitufe cha WhatsApp chini. Picha tulizipunguza uzito, tukaijaribu kwenye simu ya mama ntilie wa Mgandini, kioo kimepasuka, bando la kubana. Ilipofunguka kabla hajamaliza kugeuza chapati, nikaridhika.

Jambo moja nilichelewa kulijua. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakuilindi logo. Ulinzi wa logo ni alama ya biashara, maombi yake mbali, japo ni BRELA hao hao. Bidhaa hugawanywa kwa makundi, viungo vimo la 30, na usajili wa kwanza ni wa miaka 7, ukihuishwa unapata 10. Ningelijua, ningeanza nalo kabla ya kulipia lebo.

Lebo za zamani zilizobaki zinaandikiwa hesabu kwa nyuma. Kwa mzee wa Barabara ya 9 siku hizi napeleka pakti 40 kwa mwezi. Juzi nilikuwa pale nikisubiri anihesabie, akaja mtoto ametumwa, akanyoosha kidole kupita wavu: "Babu, nipe ile ya msumari."