Mafaili yaliyokwama katikati

Kitengo cha uchambuzi kilikuwa kimepata mashine mpya, na kazi ya kuziunganisha na klasta yetu ya Ceph, yaani kundi la seva zinazohifadhi data kwa pamoja, ikaniangukia mimi. Klasta nilikuwa naifahamu. Mashine za zamani, ambazo kwa Ceph huitwa wateja, zilikuwa zikiitumia kwa muda mrefu bila malalamiko. Hizi mpya zilikuwa na tofauti moja tu: zilikaa kwenye mtandao mwingine, na kati yake na seva za diski palikuwa na fayawoli, kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao.

Nilianza na ufunguo. Wako watu wanaochukua ufunguo wa client.admin, ule wa msimamizi mkuu, na kuunakili kwenye kila mashine ili kazi iishe upesi, na mwenzangu mmoja alipendekeza nifanye hivyo. Nilikataa. Mwenye ufunguo huo anaweza kufuta data ya watu wote kwa amri chache, na mashine ya kuchambulia haina haja ya uwezo wa namna hiyo. Nikaandika:

ceph fs authorize cephfs client.uchambuzi /uchambuzi rw

Nikapewa ufunguo usiofungua folda nyingine yoyote. Nikauweka ndani ya /etc/ceph kwa ruhusa 600 (mwenye faili peke yake ndiye anayelisoma), pamoja na faili fupi la usanidi lililotoka kwenye amri ya ceph config generate-minimal-conf. Faili hilo lina mistari michache tu: kitambulisho cha klasta na anwani za monita, yaani programu zinazotunza ramani ya klasta. Mteja hahitaji zaidi ya hapo ili kuanza.

Nikajaribu ceph -s, amri ya kuuliza hali ya klasta, kutoka mashine ya kwanza. HEALTH_OK, yaani klasta ni nzima, diski zote ziko juu. Nikaiunganisha folda na mashine kwa mount -t ceph, nayo ikakubali bila neno. Nikaandika ls, orodha yote ikajitokeza. Nikawaambia wenye mashine waendelee.

Haukupita muda mrefu, kijana mmoja wa uchambuzi akaja. “Kaka, faili hili linafunguka, lile la pili yake halifunguki. Halileti kosa lolote, limenyamaza tu.”

Nilikwenda kutazama. Kweli, mafaili madogo mengine yalisomeka papo hapo, mengine hayakusogea. Mafaili makubwa yote yalianza kunakiliwa vizuri kisha yakakwama njiani. Programu zilizokwama zilikuwa katika hali ya D, ile ambayo hata kill -9 haiiwezi. Na klasta bado inasema HEALTH_OK! Nikiri kwamba hapo nilianza kuwashuku watu wa diski, maana ndio huwa wa kwanza kushukiwa.

Lakini mashine za zamani zilisoma mafaili yaleyale bila kigugumizi. Basi tatizo halikuwa kwenye data. Nikaingia kama root kwenye mashine mpya na kuandika:

cat /sys/kernel/debug/ceph/*/osdc

Sijui kwa nini faili hili halisemwi mara nyingi zaidi. Linaonyesha kila ombi ambalo kerneli (kiini cha mfumo) ya mteja imelipeleka kwenye diski na bado inalingojea jibu, pamoja na namba ya OSD inayodaiwa, yaani programu inayosimamia diski moja. Nilitazama namba: osd.41, osd.38, osd.52, osd.47. Hapakuwa na hata moja iliyo chini ya 36.

Seva zetu tatu za mwanzo zilibeba OSD 12 kila moja, yaani namba 0 hadi 35. Kuanzia 36 ni za seva mbili zilizoongezwa baadaye. Nikauliza ceph osd find 41, nikapata anwani yake, nikabisha mlango wake wa mtandao (port) wa 6800 kwa nc -zv. Kimya. Nikabisha seva ya zamani, jibu likaja mara moja.

Hapo ndipo kila kitu kilipokaa sawa kichwani. Katika Ceph, monita ni kama mwenyeji anayekuchorea ramani ya mtaa. Kila nyumba unaiendea mwenyewe. Mteja hupewa ramani ya klasta, hupiga hesabu ya CRUSH, akajua kipande kipi kiko kwenye OSD ipi, kisha akaiendea moja kwa moja. Hakuna wa katikati. Kwa hiyo ceph -s ilipita, kwa sababu monita zilifikika. Orodha ya ls ilipita, kwa sababu inatoka kwa MDS, programu inayotunza majina ya mafaili na folda, na hiyo nayo ilikuwa kwenye seva ya zamani. Yaliyomo ndani ya faili ndiyo yaliyotegemea bahati. Faili dogo lina kipande kimoja, huenda kikawa upande unaofikika. Faili la megabaiti 200 hukatwa vipande 50 vya megabaiti 4, na ni vigumu mno vipande vyote 50 kukwepa seva mbili kati ya tano. Klasta nayo haikuwa na la kulalamikia: OSD zilikuwa zinaonana zenyewe kwa zenyewe.

Nilimpelekea mzee wa mtandao anwani zile mbili. Akaifungua kanuni ya fayawoli, na kweli ilikuwa imeandikwa wakati seva zikiwa tatu.

“Milango mingapi?” akauliza.

“Kuanzia 6800 hadi 7568, mzee, kwa seva zote tano.”

“Mingi hivyo?”

Nikamweleza kwamba kila OSD hujichukulia milango yake ndani ya masafa hayo, na ikiwashwa upya inaweza kuchukua mingine. Hakupenda, ila aliweka. Zile programu zilizokwama ziliendelea zenyewe kutoka pale zilipoishia, wala hatukuziwasha upya.

Mashine zilizobaki niliziongeza kwa hati moja ya shell. Kabla ya kufika kwenye mount, hati hiyo husoma anwani zote zilizomo kwenye ceph osd dump na kubisha kila mlango. Usiojibu hutajwa kwa jina, na folda haiunganishwi.