Nilivyoipata besi yenye sauti laini baada ya kuipaka mafuta

Kwa takribani miaka miwili gitaa langu la besi lilikuwa likilia kama sanduku la vijiko. Kila noti ilianza na mlio wa chuma, na kila kidole kilipohama kutoka freti moja (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) kwenda nyingine kilitoa mkwaruzo uliowafikia hata waliokaa nyuma kabisa. Mpiga ngoma wetu, ambaye hakujaliwa subira, alikuwa akiniuliza kama nimekuja kupiga besi au kunoa visu. Nilichokitaka kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukipata: sauti nzito, laini, iliyotulia chini ya wimbo, inayogonga kifuani kabla haijafika masikioni.

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alitaka ninunue amplifaya kubwa zaidi, na sikumjibu. Wa pili alisema nifunge nyuzi nene, na kwa kuwa maneno yake yalielekea kuwa na busara, nilimsikiliza. Nikaacha seti ya kawaida, ambayo uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.045 na mnene kabisa 0.105, nikahamia seti inayoanzia 0.050 na kuishia 0.110. Nilivuna malengelenge vidoleni na sauti ileile ya vijiko, safari hii vijiko vya kupakulia. Uzi mnene huongeza uzito na mkazo, ni kweli, lakini kama umetengenezwa kwa chuma cha pua na kuzungushiwa waya wa mviringo, ukali wake unabaki palepale.

Ndipo alipotokea mshauri wa tatu, na huyu sijamsamehe hadi leo. Alianza na jambo la kweli, na hapo ndipo aliponinasa. Alieleza kwamba uzi unapozeeka hupoteza ukali kwa sababu jasho na uchafu wa vidole huingia katika mifereji iliyo kati ya mizunguko ya waya, vikazinyonya zile sauti za juu. Akanikumbusha James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown ya Marekani na ambaye alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi isipokuwa zimekatika. Mpaka hapo hakukosea. Kisha akainama kidogo, kama mtu anayetoa siri ya ukoo, akasema kwamba hakuna haja ya kungoja miaka: chukua mafuta mazito ya kupaka mwili, yasugue kwenye nyuzi mpaka yaingie, na uzee utakuja kwa usiku mmoja.

Nilifanya hivyo. Naona aibu kuandika, lakini nilifanya hivyo kwa bidii, uzi baada ya uzi, kuanzia darajani hadi kwenye vigingi, nikitumia kitambaa na baadaye vidole vyenyewe ili yaingie vizuri. Nilipopiga noti ya kwanza nilicheka peke yangu kwa furaha. Ukali ulikuwa umezimwa kama taa! Kwa dakika kumi nilijiona mgunduzi.

Kesho yake tulikuwa na mazoezi, na maafa yalianza katika wimbo wa pili, penye mahali ninapotelezesha kidole kutoka freti ya 5 hadi ya 7. Kidole hakikusimama kwenye ya 7. Kilipita ya 8, kikapita ya 9, na kilipotua hatimaye, mpiga solo alikuwa ameshageuka kunitazama. Mafuta yalikuwa yamehamia kwenye shingo ya gitaa, kwenye vitufe vya sauti, kwenye mkanda wa kubebea na kwenye shati langu jeupe. Baya zaidi ni kwamba nyuzi hazikuzeeka kwa usawa: uzi wa G, ninaougusa mara nyingi, ulijifuta mafuta yote na kurudia ukali wake wa kwanza, ilhali uzi wa E ulibaki mfu kama kamba ya kuanikia nguo. Baada ya wiki moja vumbi lilikuwa limeganda juu yake, na nilizitupa nyuzi zote nne pamoja na kitambaa.

Jaribio lililofuata lilikuwa la akili zaidi, na hilo najivunia. Nilikata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakisukuma chini ya nyuzi, karibu kabisa na daraja. Haikuwa uvumbuzi wangu, kwa sababu watengeneza magitaa Fender walikuwa wakiweka sponji ya namna hiyo chini ya mfuniko wa daraja katika besi zao za zamani, lakini kukipata kimo chake ni kazi ya mikono. Sponji ikiwa ndefu mno huzisukuma nyuzi juu na kuua noti. Ikiwa fupi inaugusa uzi mmoja na kuwaacha wenzake. Mimi nilipunguza kwa mkasi, unyoya kwa unyoya, mpaka ikazigusa zote bila kuziinua. Sauti iliyotoka ilikuwa fupi, nene na ya kupendeza mno kwa nyimbo za kuchezeka. Tatizo lilikuja kwenye nyimbo za taratibu, ambako noti hutakiwa kuvutwa, nayo ilikuwa ikifa kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Sponji hiyo bado naitunza ndani ya begi la gitaa.

Hatimaye nilikubali kwamba jibu limo ndani ya uzi wenyewe. Kiini cha uzi wa besi ni waya wa chuma, na kinachoamua tabia yake kwa kiasi kikubwa ni kile kilichozungushwa juu yake. Waya wa mviringo huacha matuta, na matuta hayo ndiyo yanayokwaruza. Miongoni mwa nyuzi za matuta, za chuma cha pua ndizo kali kuliko zote, zilizopakwa nikeli hufuata, na za nikeli tupu ni pole zaidi. Anayetaka mabadiliko madogo tu aanzie hapo. Nyuzi bapa zimezungushiwa utepe wa chuma badala ya waya, kwa hiyo uso wake ni laini kama kioo. Jambo lililonichekesha ni kwamba nilikuwa nikitafuta mbele kitu kilichoachwa nyuma. Fender walipotoa besi yao ya umeme, Precision Bass, mwaka 1951, nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida, na ukali niliokuwa nikiukimbia ulienea katika miaka ya 1960, baada ya John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who ya Uingereza, kushirikiana na watengeneza nyuzi Rotosound kupata nyuzi za matuta zenye mlio unaokaribia wa piano.

Nilijaribu pia, kwenye gitaa la rafiki, nyuzi zilizovishwa utepe wa nailoni. Ndani yake mna chuma, kwa hiyo pikapu, ile sumaku ya gitaa inayonasa mtikisiko wa nyuzi, huzisikia bila shida, na sauti yake inakaribia ile ya besi kubwa ya kusimama. Nilizipenda, ila ni nene kiasi kwamba mifereji ya kichwani mwa shingo ingehitaji kupanuliwa kwa tupa, nami baada ya yale mafuta nilikuwa nimeapa kutoliumiza gitaa langu tena.

Nikachagua bapa. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya nilichozoea kulipa, lakini seti moja hudumu kwa miaka. Kilichonipa shida ni kuchagua ipi, kwa sababu watu hutazama unene peke yake, wakati seti mbili zenye unene unaokaribiana zinaweza kutofautiana sana kwa mkazo. Zile za kampuni ya Thomastik-Infeld, kwa mfano, hulegea vidoleni, na seti nzito ya La Bella ya 0.052 hadi 0.110 inataka mtu mwenye mkono. Mimi nilichukua za katikati. Pima pia urefu kutoka darajani hadi kichwani mwa shingo kabla ya kununua, kwa kuwa sehemu nene ya uzi bapa ikilazimishwa kuzunguka kigingi, utepe wake unaweza kupasuka.

Kuzifunga sina haja ya kueleza. Ila zilivuta zaidi ya zile za awali, shingo ikapinda mbele kidogo, nikalazimika kuikaza fito ya chuma iliyo ndani ya shingo, inayoizuia isipinde, robo mzunguko na kungoja hadi kesho yake. Asiwepo wa kukushauri uzungushe zaidi ya hapo kwa mara moja.

Siku ya kwanza nilikaribia kulia, kwa kuwa nyuzi bapa mpya nazo zina mlio wa chuma, mdogo lakini upo, na nilidhani nimetapeliwa. Nilizipiga kila jioni kwa wiki kadhaa, nikihamisha mkono wa kulia kuelekea shingoni, ambako sauti huwa nene zaidi. Mwezi ulipokaribia kuisha, mlio ulikuwa umekwenda zake, na mpiga ngoma aliacha kuzungumzia visu.

Yule mshauri wa tatu alikuja kutusikiliza hivi karibuni. Tulipomaliza alinifuata, akasifu sauti ya besi, akauliza nimeipataje. Nilimjibu kwamba ni yale mafuta yake, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuuliza nilipaka mara ngapi.