Mawe yangu yanakula pemba

Muuza pemba wa sokoni, ule udongo wanaokula wajawazito, anaamini nina mimba. Nina miaka 47, kitinda mimba wangu yuko kidato cha tatu, lakini yule mama aliponiona nachagua vipande kumi, vile vya kahawia vilivyofinyangwa kama vidole, alishusha sauti: "Hongera dada. Ya ngapi hii?" Nikamjibu, "Ya nne." Ningemwambia nini? Kwamba naenda kuyalisha mawe?

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi sanifu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Arusha, na huu ni mwaka wa tatu nang'arisha mawe kwa pipa linalozunguka. Vito vya Mererani vya kukatwa pande kwa pande nawaachia wenye mtaji. Mimi naokoteza akiki, jaspa, na mabaki ya lile jiwe la Longido, la kijani lenye madoa ya rubi. Nayatia kwenye pipa na maji na unga wa msasa, nayaacha yazunguke usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

Pipa lenyewe ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa sentimita 20, ndani nimebandika mpira wa tyubu ya gari ili mawe yasigonge plastiki. Fundi wa mtaani aliliwekea roli mbili na mota aliyoing'oa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa. Linachukua kilo moja na nusu ya mawe, theluthi mbili ya nafasi yake, na vijiko 6 vya chakula vya unga wa msasa namba 60/90, ule wa chembe kubwa. Maji yanaishia chini kidogo ya mawe ya juu.

Mwanzoni nilikuwa natia hivyo tu na kufunga. Siku ya saba nafungua, nakuta maji ya kijivu, mepesi kama ya kuoshea mchele, na chini pale unga wangu umelala, nikiupapasa bado unachoma vidole. Akiki nazo kona zilezile. Nikamshuku aliyeniuzia unga. Nilimsema sana moyoni, Mungu anisamehe.

Jibu nililipata kazini, vijana wa kidato cha kwanza wakiwa mapumziko. Nilichukua chupa mbili za plastiki, zile za maji ya kunywa. Moja nikatia maji matupu, nyingine maji niliyokoroga na udongo hadi yakawa kama chai ya maziwa. Kila moja kijiko cha unga, nikatikisa, nikaziweka mezani. Unga wangu wa msasa ni wa silikoni kabaidi, mweusi, kwa hiyo unauona ukitua. Kwenye maji matupu sikufika kumi kuhesabu, wote ulikuwa umejipanga chini. Kwenye ile ya udongo mstari mweusi ulichelewa kujitokeza, na hata ulipojitokeza ulikuwa mwembamba.

Sasa fikiria pipa. Jiwe halisagwi na jiwe mwenzake, linasagwa na unga uliobanwa katikati yao. Unga ukishuka chini, mawe yanabaki kugongana tu. Ukisubiri, vumbi la mawe yenyewe hatimaye litaufanya ule uji kuwa mzito, lakini akiki ni ngumu na vumbi lake linatoka kwa kuibia. Mpaka uji ukolee, unga wa kwanza umeshavunjika makali. Udongo wenyewe haukwaruzi kitu, ni laini mno kwa akiki. Unachofanya ni kuushika unga na kuupaka kwenye uso wa kila jiwe tangu saa ya kwanza.

Aliyegundua tofauti kabla sijafungua pipa ni mume wangu. Mashine iko uani, karibu na dirisha la chumba chetu, na kwa mwaka mzima tulilala na sauti ya kokoto kwenye debe. Usiku wa kwanza wa pemba alinigusa bega. "Umeizima?" Nikamwambia sikiliza vizuri. Ilikuwa inanguruma kwa chini, kama mtu anakoroga ugali chumba cha pili.

Pemba haihitaji kutwangwa. Ikiwa kavu kabisa, itumbukize kwenye ndoo ya maji, itabomoka yenyewe kama biskuti kwenye chai. Mimi natia kiasi cha vijiko viwili, basi. Mara ya kwanza nilizidisha, na nilipofungua, mawe yalikuwa yamekaa kimya kama nyama kwenye mchuzi ulioganda, hayaporomoki, yanazunguka na pipa zima. Ninavyopima sasa: nachovya kidole. Uji ukifunika ukucha na bado unadondoka, unafaa. Kama mtindi uliopigwa mchapo.

Kuna wanaotia sukari, nayo inafanya kazi. Kwa sisimizi wa uani kwangu, hapana asante.

Wachimbaji wa kisima walipokuja kwa jirani niliwaomba kopo moja la bentonaiti, ule udongo wanaokoroga kwenye maji ya kuchimbia. Huo ni udongo wa namna nyingine kabisa. Unanywa maji na kuvimba, kijiko kimoja kinafanya kazi ya vingi. Wao wanautumia kwa sababu pampu ikisimama, uji wake unaganda kama jeli na kushika vipande vya mwamba visirudi chini ya shimo, na pampu ikianza unalegea tena. Nilipoelezwa hivyo niliwaza umeme wetu. Ukikatika jioni na kurudi alfajiri, uji wa pemba unakuwa umeshauachia unga wake utue chini, bentonaiti bado imeushika. Kopo limekaribia kuisha na kisima kilishapata maji, sijui nitamfuata nani.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye hatua ya mwisho, ya kung'arisha, inayokuja baada ya zile za kusaga kwa unga mkali kwenda laini. Nikajiambia, kama pemba ilisaidia mwanzo itasaidia na mwisho. Nikatia moja kwa moja kutoka sokoni. Akiki nilizohangaika nazo zaidi ya mwezi zilitoka na mikwaruzo myembamba kama nywele, huioni mpaka uligeuze jiwe kwenye jua. Pemba ina mchanga. Wanaoila wanaujua, unasikika kwenye meno, lakini mimi sikuwahi kuila hata kwa mimba zangu za kweli. Ikabidi nirudi hatua mbili nyuma.

Siku hizi naiosha. Nakoroga kwenye ndoo, nasubiri dakika 10, mchanga unatangulia chini, namimina maji ya juu yenye tope kwenye ndoo ya pili kupitia kitambaa cha kanga kuukuu, naacha yatulie mpaka kesho yake. Tope laini linalobaki chini ndilo natumia, nalo ni kwa hatua za katikati. Ya kung'arisha naipa kaolini, udongo mweupe wa wafinyanzi, iliyochekechwa, au naacha kabisa.

Na tafadhali, uji ukimaliza kazi usiumwage kwenye sinki. Mimi nilimwaga. Ulituama kwenye kona ya bomba ukawa kama saruji, na fundi bomba aliyekuja kuukata alishika kile kipande, akakigeuzageuza, akaniuliza hapa nyumbani tunapika nini. Sasa nina shimo nyuma ya migomba.

Wiki hii pipani kuna jiwe la Longido. Rubi ni ngumu kuliko ile kijani inayoizunguka, kwa hiyo kijani inaliwa haraka na rubi zinabaki zimechomoza kama chunusi. Hilo udongo haujanitatulia. Nimekoroga uji mzito kuliko kawaida, nafungua Ijumaa.