Wale kenda wa wapi?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, wiki hii nimekaa na Luka 17, ile habari ya wakoma kumi, wote wametakaswa njiani halafu anarudi mmoja tu, na Yesu anauliza wale kenda wa wapi. Hilo swali halijaniacha tangu Jumapili.

Kuna wakili mmoja Mmarekani mweusi, Reginald Lewis, kijana wa Baltimore, utotoni alikuwa anatembeza magazeti mtaani. Mwaka 1965 alipata kozi fupi ya likizo pale Harvard, ya kuwaonjesha wanafunzi weusi masomo ya sheria, sasa sikieni, walimu walivyomwona wakampa nafasi ya kusoma pale kabla hata hajajaza fomu ya maombi. Hajaomba, kapewa! Akamaliza 1968, akafanya uwakili New York, baadaye akaingia mwenyewe kwenye kununua makampuni, na 1987 akainunua Beatrice International, kampuni ya vyakula yenye matawi nchi kibao, kwa dola milioni 985.

Wengi wakimsimulia wanaishia hapo kwenye mamilioni. Mi kinachonigusa ni 1992, alirudi pale pale walipomfungulia mlango akaipa shule ile ya sheria dola milioni 3, hadi wakati huo hakuna mtu mmoja aliyekuwa amewapa kiasi kile. Januari 1993 akafariki, saratani ya ubongo, miaka 50 tu. Yaani angesema ngoja kwanza mambo yakae sawa, asingerudi.

Na mimi je? Nilivyochaguliwa fomu faivu Tabora nyumbani hatukuwa na nauli ya treni, baba alikuwa mgonjwa kitandani. Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi, si ndugu yetu, hata kabila si moja, alisikia akaniita. Akafungua pindo la khanga, noti zimekunjwakunjwa zina unyevu, akahesabu, akarudia kuhesabu, akanipa zote na kifuko cha dagaa wa kukaanga wa kula njiani. "Nenda mwanangu, treni isikuache." Mpaka naingia kwenye behewa mikono ilikuwa bado inanukia dagaa.

Miaka 19 sasa. Nina kazi, zaka natoa, harambee ya ujenzi sijawahi kukosa na jina langu linasomwa mbele. Kibirizi napita na bodaboda karibu kila wiki na sijawahi kushuka. Mwanzo nilisema nikipata kazi, halafu nikimaliza nyumba, halafu ikawa aibu tu, nitaanzia wapi. Nafikiri hata wale kenda hawakuwa na roho mbaya jamani, walikuwa wanawahi kwa makuhani kama walivyoambiwa, wakazama kwenye maisha yao mapya.

Nimeulizia, yupo, bado anaanika dagaa pale pale ila macho yameanza kumsumbua. Jumamosi asubuhi nashuka. Niombeeni nisije nikageuzia njiani.