Siku moja na viazi vya kwao krua

Saa kumi na mbili asubuhi ninakuwa tayari shambani, nje kidogo ya mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, kwa sababu majani machanga ndiyo yanayotoa vinasaba safi, na jua likishakuwa kali hunyauka upesi. Mmea wetu ni kwao krua khao, yaani Pueraria mirifica, mtambaazi wa jamii ya kunde wenye viazi vikubwa ardhini, ambavyo wazee wa Thailand wamevitumia tangu zamani kama dawa ya kurudisha nguvu za mwili. Wapo wanaouchanganya na kwao krua daeng, mwekundu, ambao ni mmea wa jenasi nyingine kabisa.

Mitambaazi hii imetolewa katika misitu ya mikoa mbalimbali, ikapandwa katika udongo mmoja na kumwagiliwa maji yaleyale. Kwa hiyo, viazi vya miche miwili vikitofautiana hapa, tofauti hiyo haiwezi kusingiziwa ardhi wala mvua. Imo katika nasaba yao. Kwangu mimi, shamba hili lina thamani kuliko mashine zote tulizo nazo.

Saa tatu ninasaga majani katika nitrojeni ya kimiminika na kutenga vinasaba. Saa sita tunakula wali.

Saa nane ni zamu ya viazi, na hapa haraka inahitajika. Ndani yake mna kemikali za mimea ziitwazo puerarini, daidzeini na genisteini, pamoja na miroestroli, ambayo umbo lake la kikemia lilitangazwa mwaka 1960, na deoksimiroestroli. Hizi mbili za mwisho ni kidogo sana kwa kiasi, lakini hufanya kazi mwilini mfano wa estrojeni, homoni ya kike. Tena deoksimiroestroli ikikutana na hewa hugeuka kuwa miroestroli, hivyo anayechelewa hupima kitu kingine.

Saa kumi na moja ninalinganisha chati za vipimo vya kemikali za viazi viwili vya mche mama mmoja, kimoja kilichochimbwa kiangazi na kingine wakati wa mvua. Vinasaba ni vilevile, ila vilele vya puerarini, vinavyoonyesha kiasi chake, havilingani. Mama anayenunua unga wa viazi hivi sokoni huliona jina moja tu, ilhali nguvu ya dawa hutegemea nasaba na msimu pia. Ana haki ya kuvijua vyote viwili.

Jioni linaletwa gunia la viazi vizuri, limeandikwa “kwao krua” pekee, bila mahali wala tarehe ya kuchimbwa. Ninaliweka kando kwa masikitiko, kwani hata tukivipima viazi hivyo hatutajua matokeo yametokana na nini.