Siku ya tano melini, sina haraka na mtu

Tangu tung'oe nanga Piraeus, bandari ya Ugiriki, kazi yangu kubwa ni kuchagua kiti cha kujinyoosha. Usingizi ninaolala huku sijawahi kuulala.

Juzi tuliamka tuko kisiwa cha Santorini. Kumbe ile ghuba yote ni shimo la volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, bahari ikaingia. Meli kubwa haifungi gati pale. Mnashushwa kwa boti ndogo hadi chini ya jabali, halafu mchague: kebo (kigari kinachoning'inia kwenye waya), punda, au ngazi zaidi ya 580. Dada akasema ngazi, "tumekula mno." Tulipofika nusu kimya kabisa, kiatu kimekanyaga mavi ya punda, ananitazama kama wazo lilikuwa langu. Kushuka tulishuka kwa kebo.

Huko juu pazuri, sikatai, ila watu ni wengi kama stendi siku ya Krismasi.

Mimi moyo wangu umebaki kisiwa cha Patmos. Inasemekana Yohana alipata Ufunuo pangoni pale. Tulivyozoea kusomewa na baba kile kitabu tukiogopa hata kwenda chooni usiku! Pango lenyewe dogo, darini mwamba umepasuka njia tatu. Dada akashika ukuta, akalia kidogo. Sikumuuliza.

Jioni tukala pweza. Wanamwanika juani kwenye kamba kama nguo, ndipo wanamchoma kwenye makaa. Limau tu.

Kesho Rhodes. Dada ameshauliza kama kuna ngazi.